Bwana Usingizi na Bwana Mzigo

Shikamoo, Baba. Marahaba yako siku hizi najiitikia mwenyewe.

Nakuandikia hapa barazani. Mama yuko ndani anachagua mchele. Ametoka eda wiki iliyopita, na siku ya kwanza tu akaenda sokoni, akarudi analalamika kwamba nazi za siku hizi hazina tui. Nilifurahi kumsikia akigomba. Kule Nunge wameanza kukwangua chumvi, na jaruba lako amepewa mtu mwingine. Sijaenda kuliangalia. Bado sijaweza.

Lakini nina habari ya kukupa, na habari yenyewe ni ya lile jina.

Unakumbuka nilipopata chuo? Nilikwambia nakwenda kusoma anthropolojia, ukanitazama kama niliyetaja ugonjwa. Nikakueleza kwamba ni elimu ya watu, wanavyoishi na wanavyozikana. Kesho yake mtaa mzima ukajua kuwa binti yako anasomea watu. Wakakuuliza, watu wagonjwa? Ukawajibu kwa kiburi, "Wazima! Wagonjwa wana wasomi wao."

Na ulipofika wakati wa kufanya utafiti, sikuhangaika kutafuta mada. Nilichagua utani wetu watu wa pwani na Wanyamwezi, kwa sababu nilikulia ndani yake. Kila jioni Mzee Luhende, yule Mnyamwezi fundi baiskeli, alipita hapa na kupiga kelele, "We mvivu wa pwani, umeamka?" Nawe ulimjibu, "Mpagazi, tua mzigo, unaziba njia!" Nilipokuwa mdogo nilidhani mnagombana kweli. Siku moja nililificha panga lako chini ya kitanda, nikilia, ili msije mkauana. Mlinicheka mwaka mzima.

Nikawaketisha wote wawili, simu katikati inarekodi. Nikawaeleza kwamba kwa kawaida ya masomo yetu, majina ya wanaohojiwa hubadilishwa ili kuwalinda. Loo, ulikasirika! "Unanilinda na nini? Kwani nimeiba?" Ukasema umekwangua chumvi tangu ujana na hakuna mahali palipoandikwa jina lako, sasa kitabu kimepatikana, mwanao mwenyewe anakubadilisha. Luhende alicheka mpaka akakohoa. "Basi mwandike Bwana Usingizi," akasema. "Pwani yote inamjua." Nawe hukumchelewesha: "Na huyu mwandike Bwana Mzigo. Babu zake waliubeba kutoka Tabora, na yeye hajautua mpaka leo."

Nikaandika hivyo hivyo. Kabla sijazima simu uliinama ukasema taratibu, "Andika: Kibwana Shomari, wa Nunge." Nilikuwa bado nacheka. Nikadhani na hilo ni utani.

Halafu ukaanguka jarubani. Tulikupeleka hospitali ukipumua, tukakurudisha umefunikwa.

Hukuyaona mazishi yako, Baba, ngoja nikusimulie. Jeneza lilipokuwa linataka kutoka, Luhende alijilaza mlangoni, kofia yako kichwani, akaanza kukoroma. Wakamwambia ainuke. Akafumbua jicho moja, akasema kwa sauti yako, yako kabisa, "Mna haraka gani? Niacheni nimalizie usingizi wangu." Kaka Rajabu alitaka kumvuta mguu. Akasema haya si mambo ya msiba. Mama ndiye aliyesema kutoka chumbani, "Mwacheni Luhende. Anamuaga mwenzake." Watu wakacheka, Baba. Mimi pia nilicheka, na kicheko hakijaisha nikaanza kulia, kilio ambacho kilikuwa kimenikwama tangu hospitali. Jambo hilo, la mtani kuchekesha watu msibani, nilikuwa nimewaeleza wenzangu darasani, nikasifiwa. Kumbe nilikuwa sijui ninalolisema.

Baada ya arobaini nikafungua kompyuta niendelee. Ukurasa wa kwanza kabisa: Bwana Usingizi alisema. Bwana Usingizi alieleza. Nawe umelala kule makaburini! Nikaifunga. Nilijaribu tena na tena, ikawa vilevile. Mwishowe nikamwambia Mama kwamba sirudi chuo. Mama hakunibembeleza. Alisema tu, "Baba yako alikuomba kitu kimoja, nawe unataka kukiacha njiani?"

Nikaenda kwa mwalimu anayenisimamia. Akanisikiliza, akasema ikiwa mwenyewe alitaka, na familia imekubali, jina la kweli linaweza kuandikwa. Nikarudi na matumaini, nikamkuta Rajabu amekaza uso. Alikataa katakata. Baba aitwe kwa jina lake kwenye kitabu kilichojaa matusi? Wajukuu wasome nini? Sikubishana naye. Niliweka simu mkekani, nikaifungulia sauti yako. Ulicheka, ukatukana, ukatukanwa, na mwisho kabisa, "Andika: Kibwana Shomari, wa Nunge." Rajabu alitoka nje. Aliporudi uso ulikuwa umelowa maji ya mtungi, au ndivyo alivyotaka tuamini. "Mwandike," akasema.

Nimekuandika, Baba. Kila palipokuwa na Bwana Usingizi nimepafuta kwa mkono wangu, ukurasa kwa ukurasa.

Nikaenda na kwa Luhende kumwambia kwamba naye naweza kumrudishia jina lake. Alikuwa anaziba pancha. Hakuinua kichwa. "Wewe niache na Mzigo wangu," alisema. "Amenipa yeye. Kingine chake sina, hata ile kofia kaka yako kaichukua."

Kwa hiyo kitabu kimekaa hivyo, wewe kwa jina lako, yeye kwa jina ulilompa. Wiki ijayo nakipeleka chuoni. Na kofia nimempelekea, Rajabu mwenyewe ameitoa.

Ila moja lilibaki linanitesa. Tangu uondoke, Luhende hupita hapa kimya. Jana jioni alikuja na baiskeli yake, akapunguza mwendo, akalitazama baraza, akainamisha kichwa. Nikaona kabisa hana wa kumtukana. Nikasimama. Hata shikamoo sikumpa. Nikaitoa sauti yangu yote: "Mpagazi, tua mzigo, unaziba njia!"

Alishika breki, nusura aanguke. Akanitazama, machozi yakimtoka na kicheko kikimtoka, akanijibu kwa kelele zilezile, "Mtoto wa mvivu, umeamka?"

Mwenyezi Mungu akupe kauli thabiti na akupanulie kaburi lako, Baba. Pumzika. Kumjibu Luhende ni kazi yangu sasa, na kila jioni atakayopita, atanikuta barazani.

Nimeamka, Baba.

Mwanao,
Zuhura Kibwana Shomari, wa Nunge