Koti la Alex

Jumapili, 21 Desemba 2025

Tumefika Mwanza. Mama mkwe anasema ni likizo, nipunge upepo, nisahau. Nisahau! Mwaka haujaisha tangu nimzike Alex wangu, leo natakiwa nitabasamu mbele ya Jiwe la Bismarck. Kevin kashika simu — mama cheka, mama cheka. Nimecheka, mtoto asije akalia.

Gari na vyumba vyote kagharamia shemeji Okumu, mdogo wake Alex. Mkewe, Dorcas, kapika chapati za safari toka Shirati. Wema mwingi hivi unanitisha. Mungu anisamehe.

Jumatatu, 22 Desemba

Kisiwa cha Saanane. Mvua ikatukuta ziwani, kwenye boti. Natetemeka, meno yanagongana. Okumu akavua koti lake — vaa, shemeji. Nilitaka kukataa. Mara nikaona kifungo cha katikati. Uzi wa bluu! Nilikishona mwenyewe, mweusi ulikuwa umeniishia. Koti la Alex! Siku ile walipogawana nguo za marehemu nilikuwa nimelala chini nalia, sikujua nani kachukua nini.

Nikalivaa. Nikajikumbatia humo ndani. Jamani, Alex.

Ghafla vigelegele! Mama mkwe, katikati ya mvua, mtu mzima na magoti yake mabovu, kasimama kwenye boti anapiga vigelegele. Dorcas kageukia majini. Ndipo akili ikanirudia. Kwenye ukoo wao, mjane akivaa koti la shemeji mbele ya watu, kakubali arithiwe. Na nilijua! Miaka yote nimeishi nao, nilijua!

Kevin anasema tumeona swala. Mimi sikuona kitu.

Jumanne, 23 Desemba

Kigongo, kutazama daraja. Refu, zuri, kila mtu anapiga picha.

Nimemwambia mama mkwe ilikuwa baridi tu, mama, mimi sitaki mume. Kanijibu kwa upole, huku ananifunga vizuri kitambaa cha kichwa: koti likishavaliwa, mwenye mtoto halirudishi. Akirudisha, chira, laana ya kuvunja mwiko. Na chira haimpigi aliyekosa, inampiga mtoto. Kanitajia Kevin wangu! Mimi nimeokoka, siamini hayo. Lakini usiku huu kila nikiamka namgusa paji la uso.

Dorcas naye: ungesema tu unamtaka, dada, tungeelewana. Basi. Hajanisemesha tena. Nimechoka. Sina wa kumlilia, wote hawa ni watu wa Alex.

Jumatano, 24 Desemba

Ufukweni, mchana. Jioni tunarudi.

Okumu kanifuata peke yake, kakaa mchangani mbali kidogo. Macho chini. Kasema naye kasukumwa na mama, tena Dorcas hapati usingizi. Nimrudishie koti hapa hapa, wote wanaona, lawama ataibeba yeye. Kesho atamwambia mama ni yeye aliyekataa. Ila akishalichukua, sitaliona tena. Litachomwa, ndiyo desturi.

Kaenda kununua soda. Akirudi, nimpe.

Ni jambo dogo tu! Kuvua koti. Ndicho nilichomwomba Mungu tangu juzi, na Mungu kanipa.

Kola inanuka Okumu. Lakini huku ndani, kwapani, kwenye bitana — bado Alex.

Namwona anarudi na chupa. Dorcas kasimama, ananitazama. Mama mkwe yuko majini, kamshika Kevin mkono, naye ananitazama. Nimetoa mkono mmoja.

Jua linaunguza, watu wote vifua wazi. Nimeurudisha mkono ndani.