Nimekataa Redio, Baba

Baba,

Sikuulizi hali ya huko. Nakujua, ungenijibu mtambo umesimama tena, kisha ungeomba chai.

Hapa Oli, mtaani kwetu Arua, mambo ni yale yale. Mtambo wa umeme wa mji, ule uliouangalia mpaka ukaugua, amepewa mpwa wa bwana mkubwa mmoja. Juzijuzi kautilia mafuta machafu, Arua nzima ikawa giza mpaka Jumapili, naye anapita sokoni kifua mbele! Hakuna aliyemuuliza. Watu waliwasha koroboi wakaendelea kukaanga samaki. Wamezoea. Hicho ndicho kinachonichefua, baba, kuliko hata yule mpumbavu mwenyewe.

Arobaini yako tumeisoma Koboko, hapo ulipozikwa. Baba mdogo Ramadhani ndiye aliyesimamia, maana tangu ufe amejipa cheo ambacho hata jeshini hakukipata. Unajua alipikia kuni gani? Nguzo ya umeme. Ile iliyosimikwa kando ya barabara kabla ya vita vya sabini na tisa, waya wenyewe usifike kamwe. Aliiangusha akaikata vipande, wali wako ukanuka lami mpaka shehe akarudisha sahani. Na wewe ulikuwa ukiipigia saluti kila tukipita: "Afande, waya iko wapi?" Nilicheka. Halafu nikaenda nyuma ya jiko nikalia, na sikutaka mtu anione.

Baada ya dua baba mdogo akaanza hotuba. Mwaka wa mwisho chuoni kila mwanafunzi wa uhandisi anajichagulia masomo matatu, na karatasi ya kuchagua inatakiwa Jumatatu. Alisikia jambo hilo kwa mama, akaligeuza mkutano wa ukoo. Mtu ambaye betri za tochi huziweka kichwa chini miguu juu! Akasimama na miwani yake ya jua: "Mutoto yetu itasoma redio. Hapa Koboko wazungu ya kusaidia wakimbizi iko na magari mingi, kila gari iko na redio. Itamaliza, itapata kazi mara moja. Stima ya nini? Stima iko wapi?" Wote wakaitikia, iko wapi, iko wapi, midomo imejaa wali uliopikwa kwa nguzo yenyewe. Nyoo!

Wenzangu chuoni nao si bora. Wao huchagua somo kwa kuulizana mwalimu gani anasahihisha kwa huruma. Watakuwa mainjinia hao, Mungu atulinde na madaraja yao. Mmoja, mtoto wa Kampala, aliwahi kuniuliza kama kwetu kuna nguzo hata moja. Nikirudi nitamjibu: ilikuwepo, tumeipikia wali.

Mimi nataka shahada ya pili, baba. Ya umeme mkubwa, ule unaotoka kwenye maporomoko ya mto ukasafiri kwa waya mpaka mjini. Mwalimu wetu ametuambia wazi: asiyechukua mashine za umeme, njia za waya za masafa marefu na zile hesabu zake ngumu, asimfuate kuomba barua ya kumdhamini. Nikichukua redio, nitapata alama nzuri na gari la wazungu, na mlango huo ndio basi tena. Nikichukua hayo magumu nikaanguka, sina shahada ya pili wala redio, na baba mdogo atatafuta nguzo nyingine ya kusherehekea.

Angeishia hapo ningemdharau nikaenda zangu. Lakini akaongeza: "Marehemu mwenyewe ilitaka redio."

Nikafungua mdomo nimwite mwongo. Nikaufunga.

Kwa sababu ulisema. Ulisema pale mlangoni kwa mtambo, mikono imejaa grisi, sikio lako la kulia limekwisha kufa kwa zile kelele. "Zubeda, soma redio. Mtambo iko kama mulevi. Inakunywa, inapiga kelele, inalala. Redio haikunywi mafuta." Ulikuwa umechoka, ukataka mimi nisichoke hivyo. Najua. Nakupenda kwa hilo, na nimekukasirikia sana, baba, wallahi. Wale wengine wote nawadharau bila kutoa jasho. Wewe siwezi. Siwezi.

Basi nakuambia wewe kwanza, kabla sijamwambia hata mama. Karatasi nimeijaza, iko mkobani, na kesho napanda basi. Mashine. Waya. Hesabu. Redio sikuigusa. Umeme haukukuchosha, baba. Waliokuchosha ni watu waliokuachia mtambo mmoja mkongwe na mji mzima, wakaona yatosha.

Sitakuahidi taa juu ya kaburi lako, Koboko wangeiba balbu kabla ya magharibi. Nakuahidi hivi: matokeo yakitoka nitakuja, nitachuchumaa hapo ulipolala, nikusomee mwenyewe. Yakiwa mabaya utanicheka wewe peke yako, wao sitawapa nafasi hiyo. Na usijisingizie uziwi. Walikulaza ubavu wa kulia, nilimuuliza shehe. Sikio lililokufa ndilo liko chini. La kushoto, lile zima, liko juu.

Kwa heri, baba. Utanisikia.

Mwanao mkaidi,
Zubeda