Viatu vya Inspekta Ogata

Kobe, mwezi wa kumi na moja

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, na kwamba magoti yamepunguza kukusumbua katika baridi hii. Sisi hatujambo. Chie anakula wali mpaka mama yake, dada Sumie, anamtania kwamba waliomwiba wamemrudisha na tumbo la mtu mwingine.

Simu tuliyokupigia posta haikukueleza mengi. Shemeji, akiwa anamnyoa mteja kinyozini, alisikia watu wakipanga kumuua waziri atakayeshuka bandarini Jumapili. Kabla hajamwambia mtu, Chie hakurudi kutoka shule. Akaja Bwana Numata, jirani yetu yule mcheshi, akasema huku anatabasamu kwamba shemeji anyoe ndevu za watu na afunge mdomo, mtoto atakula vizuri. Yeye atapita kila asubuhi kutujulia hali.

Shemeji alishindwa kuvumilia. Akamleta nyumbani Inspekta Ogata, aliyejifanya mteja, kisha akaficha viatu vyake kwenye kabati la mifagio na kujibanza nyuma ya mlango wa karatasi amkamate Numata. Dada alimlilia aondoke. Numata asiporudi kwa wenzake, Chie atafanywa nini? Inspekta akamjibu kwamba hiyo ni kazi ya polisi, mama atulie.

Numata alipofungua mlango, akakuta kizingitini viatu vikubwa vya polisi, vimefutwa, vimepangwa, ncha zimeelekezwa barabarani kama anavyofanyiwa mgeni wa heshima. Akaviangalia, akainama, akasema naona mna mgeni, sitawasumbua. Inspekta alimkimbiza na soksi tu, wapi! Alishatokomea.

Wenzake waliingiwa na hofu wakatawanyika, wakamwacha Chie mlangoni mwa hekalu. Lakini Jumapili Numata alifika bandarini. Risasi yake ilimkosa waziri, ikamuua dereva wa waziri, Hirano. Mkewe ndiye anayetuuzia samaki.

Hapa kila mtu anasema kwamba mimi kuvipanga viatu vile kizingitini ni mazoea tu. Shemeji anacheka kwamba malezi ya mama mkwe ni balaa, huyu Fumi hata mwizi atamgeuzia viatu. Inspekta, ambaye sasa amehamishiwa milimani, alikuja kuniomba mimi radhi. Aliinama mpaka paji la uso likagusa mkeka, eti aliniaibisha kwa kuficha viatu vichafu kwenye nyumba ya watu wenye adabu.

Mama, hayakuwa mazoea. Nilivitoa kabatini mwenyewe, nikafuta tope, nikijua ni nani atakayeviona. Nilimtaka Chie. Ningeambiwa nichague tena kesho, ningevitoa tena, na hilo ndilo linalonitia aibu kuliko yote.

Jana nilinunua samaki kwa mke wa Hirano. Aliniongezea dagaa, akasema ni wa mtoto aliyerudi. Nilipokea, Mama. Nikamshukuru.

Nisalimie baba na bibi. Dada asijue. Na majirani wakikusifu kwa namna ulivyonilea, tafadhali, nyamaza tu.

Mwanao akupendaye,
Fumi