Kilio cha Kalunde

Mjukuu wangu Nyamizi,

Marahaba. Huku Ipuli tupo, ila miguu ya babu yako bado imevimba.

Unasema huko chuoni mnawagusa nzi wa matunda kwa kitu cha moto, na wengine hushtuka mapema kwa sababu ya jeni walizorithi na homoni za mwilini. Ukauliza kama katika ukoo wetu yupo aliyesikia maumivu kuliko wenzake. Alikuwepo: mdogo wangu Kalunde.

Baba alikuwa mrina asali. Alitupeleka porini, huko Kaliua, na kwake mtoto aliyelia kwa kuumwa na nyuki hakuonja sega. Mimi nilinyamaza bila taabu, nikala. Kalunde alilia kila mara. Nikamwambia, "Acha kudeka, hata mimi nimeumwa." Mwishowe akajifunza kunyamaza.

Akanyamaza hata ukubwani, maradhi ya tumbo yalipomshika. Alipotuambia, daktari alisema tumechelewa.

Miaka yote hii nilijiona jasiri. Kumbe nilizaliwa tu nisiyeumia sana, na wa kumwambia hilo hayupo tena.

Nzi wako anayeshtuka mapema, usimcheke.

Bibi yako