Safari ya Kidonge Hadi Gotini

Baba Musimbi wangu,

Nakusalimu kutoka kwa binti yetu, hapa Kangemi kwenye manyunyu. Baridi ililiuma goti langu hadi Musimbi akaninunulia vidonge vya glukosamini, dawa ya viungo. Nilimeza wiki nzima bila nafuu, nikaenda nimekasirika kwa mfamasia aliyemuuzia, pale Dagoretti Corner.

"Mama, keti kwanza," akasema. "Kidonge hakiendi gotini moja kwa moja. Utumbo unakifyonza, ini linatumia sehemu kubwa, nyingine inatoka na mkojo. Goti linapata kidogo tu."

"Kwa hivyo nimedanganywa?"

"La. Wengine hupata nafuu baada ya wiki nyingi, wengine hawapati. Misuli ya paja ndiyo itakusaidia zaidi."

Akatoka nyuma ya kaunta, akanifundisha kuinuka kitini bila kushika popote. Nimefanya hivyo kila asubuhi kwa wiki nyingi sasa, nikiustaajabia mwili huu mzee unaofyonza na kuchuja yote hayo hata nikilala.

Leo nimepanda ngazi za daraja la kuvukia barabara ya Waiyaki Way kwa miguu yangu, bila kushikwa mkono. Nilisimama juu kabisa, nikacheka peke yangu, watu wakanipisha.

Ujifunike vizuri usiku, mzee wangu.

Mama Musimbi