Mkwe Wangu Anawanywea Mbu Spiriti Yao

Shikamoo Mama Shamsia, naomba usinicheke mpaka umalize kusoma. Mimi ni mtafiti wa mbu hapa Korogwe, nawahifadhi kwenye vichupa vya ethanoli, yaani spiriti safi, wasioze kabla hatujawapima, na chumba cha maabara kimeungana na nyumba niliyopewa na mradi, sasa baba mkwe wangu wa Dindira, kule milimani kwenye ukungu, ambaye zamani hata kwenye msiba alikuwa haji, siku hizi anashuka kila siku ya gulio, anasema amewakumbuka wajukuu, lakini wajukuu wako shule na yeye namwona anatoka maabara anajifuta mdomo, na mbu wangu wa msimu mzima nawakuta wamekauka chupani, na kwa malezi yetu Wasambaa mkwe humwambii neno kama hilo, nikasema nimtume mshenga wetu, Mzee Mdoe, kumbe naye anakuja na kikombe chake.

Wakubwa wa mradi walipouliza spiriti inaishia wapi, niliwaandikia kwamba kwa joto la Korogwe inageuka mvuke haraka kuliko kwingineko duniani, wakafurahi, wakauita ugunduzi, na sasa wanatuma wataalamu na vipimajoto waje kuutafiti.

Juzi tukaletewa spiriti ya kufutia meza, iliyochanganywa na methili ili isinyweke, nikaiweka rafu ileile, nikabandika picha ya fuvu, na jana jioni nikaikuta imepungua. Leo asubuhi mzee kaamka hapa kwetu, kakaa barazani, jua linachoma, ananiambia, "Mwanangu, leo ukungu wa Dindira umeshuka mpaka huku." Nikaitikia, "Ndiyo, baba." Mama, nifanyeje nisimvunjie heshima mzee, na wataalamu wakija nisiaibike?

Mkwe Mwenye Adabu, Korogwe

*

Mkwe Mwenye Adabu, ujumbe wako umeniingilia sasa hivi, simu yako napiga haipatikani, ndiyo maana nimekatiza muziki wa watu nakusomea hapa redioni. Pole, najua mkwe hasemeshwi hovyo. Pole imeishia hapo.

Korogwe leo hakuna ukungu, na wewe unalijua hilo kuliko mimi, maana fuvu ulibandika mwenyewe. Methili inaharibu macho, halafu inamaliza mwenye macho. Mtu anakwambia haoni, wewe unamwitikia "ndiyo, baba"! Adabu gani hiyo?

Tafuta gari sasa hivi, umfikishe hospitali. Maziwa usimpe, usimlaze apumzike kwanza, wala usimngoje mkeo aje akusemee. Ukifika, mwambie daktari kitu alichokunywa, ukitaje, usiseme "mzee kajisikia vibaya kidogo". Chupa nenda nayo. Na Mdoe mpitie, mshenga huyo, hata kama anakwambia yeye ni mzima.

Hao wataalamu wako waandikie kwamba ugunduzi wao umelazwa hospitali, waache vipimajoto, walete kufuli. Kazi ukifukuzwa utatafuta nyingine.

Unaona haya kumtazama mkwe usoni. Haya, endelea kukaa hapo barazani, na kesho utamtazama utakavyo, maana yeye hatakuona.