Kioo Kilichokubali Mkono Wako

Mpendwa Paashe,

Jana niliulizwa swali ambalo wewe na mimi tulishalimaliza zamani, na tangu hapo sijaweza kufanya kazi nyingine mpaka nikuandikie. Zahanati moja upande wa Kimana imenunua kompyuta za kioo kikubwa, zile za kugusa kwa kidole. Wanataka kuziweka mahali wazee wanapoketi kungoja, ili wazungumze na daktari aliye mbali. Mama mmoja wa pale akanipigia dukani kwangu, ninapouza kompyuta hapa Kitengela, akaniuliza nitaziweka kwa mtindo wa tableti au wa kompyuta ya mezani. Watu wa kazi yangu wote wana jibu la haraka kwa swali hilo. Mimi nilimwambia nitampigia tena kesho.

Nilikuwa nakuwaza wewe.

Najua barua hii hutaisoma. Hata ulipokuwa hai barua ulikuwa ukisomewa, na ulimkatiza msomaji kila mara kumuuliza huyu aliyeandika alikuwa na uso gani alipokuwa akiandika. Basi jua kwamba uso wangu leo ni mzuri, ila macho yamelowa kidogo. Nimeiacha wazi wengine nao waione, na kwa ajili yao nieleze kwanza hilo jina.

Mimi ni binti wa Kakamega. Niliolewa kwenu, nje kidogo ya mji wa Kajiado, nikaja na viatu visivyofaa kwa mawe yenu na maneno mawili tu ya Kimaasai, moja nikilitamka vibaya. Asubuhi yangu ya kwanza ulinishika mkono ukanipeleka zizini, ukanionyesha ndama jike mwekundu mwenye doa jeupe usoni, ukasema ni wako. Kwenu, aliyepewa ndama jike na aliyempa huacha kuitana majina. Wote wawili huitana Paashe. Mama yangu aliposikia alicheka kwenye simu, akaniuliza mama mkwe wa aina gani anakuita kwa jina la ng'ombe. Nikamwambia sijawahi kupewa jina tamu kuliko hilo. Bado nasema hivyo.

Kioo chako, kompyuta kubwa ya kugusa kama hizo za Kimana, nilikuletea wakati magoti yako yalipokataa safari, ili uwaone wajukuu. Ulikuwa hutaki simu za kuonana, ulisema watu ndani ya simu ni wadogo mno, hata hujui kama wamekula. Kutoka Kitengela mpaka kwenu, kupitia Isinya, mimi na mwanao, Baba Nasieku, tulibishana ndani ya gari. Yeye alisema kitu kikubwa namna ile ni kompyuta, kiwekwe kama kompyuta ya mezani, mambo kadhaa yakae wazi pamoja na kila moja liwe na dirisha lake. Mimi nilisema mama ni mzee, anahitaji mtindo wa tableti: picha kubwa, jambo moja linajaza kioo chote, na ukimaliza unalivuta kwa mkono kutoka juu kwenda chini, linafungwa. Mtindo wa mezani una vitufe vidogo pembeni ambavyo hata wateja wangu wenye digrii huvikosa. Nilishinda. Katika mambo ya kompyuta nilikuwa nashinda mimi, katika mambo ya ng'ombe anashinda yeye, na ndoa yetu imekaa vizuri kwa mpango huo.

Wewe ulikizunguka kioo, ukakitazama hadi nyuma, kisha ukauliza jambo moja tu.

"Watoto wataingilia wapi?"

"Hapa, Paashe," nikakuambia. "Watakijaza kioo chote."

Hilo lilikupendeza. Ukavuta kiti karibu.

Halafu ukafika wakati wa mguu wa Nasieku. Kila aliyemjua mtoto wetu wa kwanza alijua ule mguu uliopinda tangu kuzaliwa, na jinsi alivyokuwa akiwakimbiza wenzake hivyo hivyo, akaanguka, akaamka, akaendelea. Madaktari wa Nairobi walisema sasa amefika umri wa kupasuliwa. Akalazwa mapema wampime, na akishalazwa hakuruhusiwa kutoka tena. Nilidhani ataogopa kisu. Yeye alilia kwa sababu hakuletwa kwako kwanza. Tangu aanze kutembea hajawahi kwenda mahali pakubwa, iwe shule mpya au safari ya Kakamega, kabla ya kukuinamishia kichwa ukamwekea mkono. Kwenu mtoto hasalimii mkubwa kwa maneno. Huja kimya ameinama, na asipoguswa kichwani bado hajasalimiwa, anaweza kusimama hapo mpaka chai ipoe. Wakubwa wengine hugusa na kuondoa. Wewe ulikuwa na namna yako: kiganja utosini, kisha unakiteremsha polepole mpaka kwenye paji la uso, kana kwamba unampangusa vumbi.

Nikamwambia Nasieku asilie, Koko, yaani bibi yake, yuko kwenye kioo.

Jioni hiyo nilikupigia nikiwa nimeketi kando ya kitanda chake. Uso wako ukatokea, na kabla hujasema neno mtoto akainama mbele ya simu yangu. Simu ikakatika. Nikapiga tena, akainama tena, ikakatika. Mara ya tatu hukupokea. Nikalaumu network, maana sisi wa kazi hii ndiye shetani wetu, tukishindwa kuelewa tunamsingizia yeye.

Kumbe ulikuwa umempigia mwanao kwa simu ya kawaida. Nilimkuta kwenye ngazi za hospitali amekaa na ile fomu ya idhini kwenye magoti, haijasainiwa. Ilimchukua muda kuniambia ulichosema, na aliniambia bila kunitazama. "Mtoto anaondoka kila nikinyoosha mkono," ndivyo ulivyosema. "Msimpeleke."

Baba Nasieku si mtu wa kuogopa ishara. Lakini hajawahi kufanya jambo kubwa ukiwa umemkataza, na hakutaka kuanza na mguu wa mtoto. Zamu ya Nasieku ilikuwa imeshakaribia, na muuguzi alitueleza wazi kwamba ikipita, nyingine itakuwa ya kungoja miezi mingi, na mfupa wa mtoto haungoji. Sikugombana naye. Nilimwachia mtoto, nikaja kwako.

Nilikukuta umekaa mbele ya kioo kilichozima, umejifunga shuka, shanga zako mapajani, huzitungi. Hukuniuliza habari za njiani. Nami sikukueleza kitu, nikasema tu tumpigie pamoja. Nasieku akatokea, mkubwa kioo kizima, akainamisha kichwa. Ukainuka kwa shida. Ukanyoosha mkono ukauweka utosini mwake, pale juu kabisa ya kioo, ukauteremsha polepole kuelekea kwenye paji.

Na kioo kikafanya nilichokifundisha. Kilivutwa kutoka juu kwenda chini, kikamfunga mtoto.

"Umeona?" ukasema. "Ameenda."

Nilicheka, Paashe, na ndani ya kicheko machozi yakaanza kutoka, nawe ukanikasirikia kwa vyote viwili. Nilikukalisha nikakueleza. Nilikwambia mtoto hajakataa mkono wako wala hakuna anayemchukua, ni mimi niliyekiambia kioo kwamba mkono ukishuka hivyo maana yake tumemaliza.

Ukakigeukia kioo, kisha ukanigeukia mimi.

"Wewe uliambia kioo kifunge mtoto akisalimiwa?"

"Sikujua utamsalimia kwa kioo."

"Sasa ningemsalimia wapi," ukaniuliza, "na si ndiyo hapo yuko?"

Nilikibadilisha kioo ukiwa unanitazama, nikaweka mtindo wa mezani, ule wa Baba Nasieku. Uso wa mtoto ukawa ndani ya dirisha pana katikati, na huko juu hakukubaki kitu kinachongoja mkono ushuke. Nikakuonya kwamba sasa vitufe vitakuwa vidogo, huenda vikakusumbua macho. Uliokota shanga moja nyekundu mapajani, ukaishika mbele ya pua yangu.

"Natunga hizi na sindano," ukasema. "Unaogopa nitakosa hiyo?"

Ukagusa kitufe cha kijani kwa ncha ya kidole, mara moja tu, na simu ikaita.

Nasieku akatokea akiwa na macho mekundu. Akainama. Kiganja chako kikashuka kutoka utosini mpaka kwenye paji, nacho kioo kikatulia. Mtoto akabaki. Ukarudia, polepole zaidi, nadhani ulikuwa unakipima kioo. Kisha ukamwombea kwa Enkai, Mungu wenu, kwa maneno ambayo wakati ule niliyaelewa nusu tu, na yeye akabaki ameinama mpaka ukamaliza.

"Imefika, Koko," akasema.

Ulimpigia mwanao wewe mwenyewe. Nilikusikia ukimwambia aweke sahihi na aache kukaa kwenye ngazi kama mtu asiye na kwao.

Mengine unayajua, ulikuwepo. Unajua mguu ulinyooka, na unajua jinsi alivyokuja kwako akitembea na fimbo ya chuma, akaitupa hatua chache kabla ya mlango ili afike bila hiyo. Ulimwekea mkono kichwani ukasema kichwa hiki kina joto kuliko kioo. Sasa ni msichana mrefu, ananipita, na anakimbia mpaka mwalimu wake analalamika kwamba hapumziki.

Nakushukuru kwa siku ile, lakini nakushukuru zaidi kwa jioni zilizofuata. Ulivyogundua kwamba kioo kinaweza kubeba madirisha mengi, ulitaka wajukuu wote waje pamoja, wetu wa Kitengela na wa wifi yangu walioko Ngong. Ukawa unayasogeza madirisha kwa kidole kuwapanga kwa umri, mkubwa mbele. Aliyejipenyeza mbele ya kaka yake ulimburuta mpaka nyuma na kumwambia angoje. Nilikuwa nimeuza kompyuta miaka kadhaa, na sikuwahi kuona mtu akiitumia kwa heshima namna hiyo. Kazi yangu ilibadilika kwa sababu yako. Sasa nikipelekwa mahali kuweka kioo, natazama kwanza watu wanavyosalimiana.

Kuna siku moja sijamsimulia mtu, hata Baba Nasieku. Ilikuwa karibu na mwisho wako, ingawa mimi sikujua, wewe nadhani ulijua. Ulinipigia nikiwa dukani. Nikakuambia watoto wako shule, ungoje jioni. Ukasema hukupigia watoto.

"Inama," ukaniambia.

Niliona haya. Kulikuwa na mteja anangoja chaja, na mimi ni mke wa mtu, mama wa watoto, kwenu na kwetu pia nimeshapita umri wa kuguswa kichwa. Nikakuambia, "Mimi si mtoto, Paashe."

"Inama."

Nikainama juu ya kaunta, katikati ya nyaya na maboksi. Aliyeinama haoni kitu, ndiyo maana hujui ni lini mkono umefika. Mimi nilisikia tu shanga za kifundo cha mkono wako zikigonga kioo huko Kajiado, zikigonga juu, halafu zikishuka polepole. Nilingoja mpaka zikanyamaza. Nilipoinua kichwa, bado ulikuwa pale unanitazama. Yule mteja akaniuliza kama nimeangusha kitu chini. Nikasema hapana, nikamuuzia chaja.

Nashukuru, Paashe. Kwa ndama, ambaye sasa ana wajukuu zizini na wote wametoka na lile doa jeupe. Kwa mwanao. Kwa kunikasirikia nilipocheka, kisha kunisamehe kabla chai haijaiva. Nashukuru pia kwa mkono wako, ambao mtu wa Kakamega hakuwa na haki ya kuudai, ukampa bila kuombwa.

Yule mama wa Kimana nimempigia tena leo asubuhi. Nimemwambia huenda tukaweka mtindo wa mezani, lakini sitamjibu kabla sijafika nikakaa na wazee wake nione wanamsalimiaje daktari. Akasema wanamsalimia kama watu wote. Nikamwambia ndiyo hiyo nataka kuiona.

Kioo chako kiko hapa sebuleni Kitengela. Nimekizima, watoto wamelala, na barua imefika mwisho. Nikishaandika jina letu hapa chini nitainama kidogo juu ya meza. Usiharakishe mkono.

Ni mimi,
Paashe wako